Amani Kwanza, Miti Baadaye

Jumatatu, 13 Januari 2025

Mvua tangu alfajiri. Balaa limeingia kwa njia ya simu.

Mwalimu Pamela, mratibu wa vikundi vyote vya amani na mazingira hapa Songea, ameandika kwenye kundi letu la WhatsApp. Jumamosi tukutane ukumbi wa parokia, Mshangano. Kila kikundi kieleze kilichofanya mwaka jana na kinachopanga mwaka huu. Hilo halinitishi. Kueleza najua. Kinachonitisha ni sentensi ya mwisho: kikundi chenye wanachama hai chini ya kumi kitaunganishwa na cha jirani.

Wanachama hai! Wangu wengi wako makaburini.

Umoja wa Amani na Miti Matogoro tuliuanzisha mwaka 1991. Mwenyekiti ni mimi, Polikarp. Tulikuwa arobaini na mmoja. Tumebaki mimi na Rupert, naye Rupert alishahamia Mpitimbi kulima mahindi, na sikio lake moja halisikii.

Na kikundi jirani ni cha nani? Cha Lukresia wa Mshangano! Alikuwa katibu wangu. Mwaka 2009 akataka jina ligeuzwe liwe Miti na Amani. Nikakataa. Amani kwanza, miti baadaye. Jina lile alilichagua mke wangu, marehemu Suzana. Tukabishana wiki tatu. Lukresia akaondoka na wanachama kumi na wawili. Tangu siku hiyo hatusalimiani. Kuna wanaoshangaa watu wa amani wanawezaje kununiana miaka kumi na mitano. Hawajui uzito wa neno la kwanza.

Nahitaji watu wanane kabla ya Jumamosi. Kichwa kinafanya kazi.

Jumanne, 14 Januari

Kila siku saa moja asubuhi Lukresia hutuma picha kwenye kundi. Miche. Kina mama wamechuchumaa kwenye miche. Miche tena. Nimeamua leo nimuwahi.

Nimeshuka hadi kwa Leonce, yule mwenye bustani ya miche chini ya mlima. Nikamwomba niangalie tu. Nikaazima na mabuti yake ya mvua, ili nionekane mtu wa kazi. Simu nikaiegemeza kwenye debe, nikaipa sekunde kumi, nikakimbia kusimama katikati ya miche na ndoo ya kumwagilia. Mara tatu nimeteleza. Ya nne imetoka vizuri sana. Nikaituma: Miche elfu mbili ya Umoja wetu, Matogoro, kazi inaendelea!

Watu kumi na wanne wakaweka dole gumba. Dakika ishirini za utukufu.

Kisha Lukresia. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu tuachane: Tunashukuru kwa kutumwagilia. Miche hiyo ni yetu, tunakuja kuichukua Ijumaa. Kibao kiko nyuma yako.

Nikaikuza picha. Juu ya bega langu la kushoto, kwa rangi nyekundu: MICHE YA MSHANGANO. USIGUSE.

Leonce naye kapiga simu. Anataka mabuti yake.

Zamani hatukuhitaji picha. Padri akishamaliza matangazo, mimi nilisimama mlangoni pa kanisa nikasema tu: Jumamosi, mlimani. Watu walikuja. Wengine na ngoma za mganda, kaptula nyeupe zimepigwa pasi. Miche kwenye mabeseni kichwani, mstari mrefu unapanda Matogoro, na Suzana nyuma kabisa na ndoo ya togwa. Nani alipiga picha? Hakuna. Ila nikifumba macho naiona yote, hata ile kanga yake ya kijani.

Jumatano, 15 Januari

Mpango mpya. Kuwafufua wanachama wa zamani. Nimechukua daftari, nikaandika juu kwa herufi kubwa ORODHA YA WANACHAMA WAPYA, nikachora mstari kwa rula. Daftari lenye mstari wa rula watu huliheshimu.

Nimeanza kwa Dorine, aliyekuwa mweka hazina wetu. Kanipa chai na mahindi ya kuchemsha. Tukakumbushana siku Rupert alipoanguka mtoni na mche hakuuachia. Dorine akacheka mpaka akashika mbavu. Saa mbili zikapita. Nikaaga. Niko njiani nikakumbuka kwamba sikumwambia asaini. Nikarudi. Akadhani nimerudi kwa chai, akaniwekea nyingine. Tukaanza habari za siku nyuki walipomfukuza diwani. Nikaaga tena.

Jumla ya majina: hakuna. Jumla ya chai: vikombe vitano. Nimerudi nyumbani na furaha ambayo haina maelezo.

Alhamisi, 16 Januari

Leo Mpitimbi. Bodaboda mpaka matope yalipotushinda, kisha kwa miguu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Rupert ana majirani. Majirani wana mikono. Mikono inashika kalamu.

Nimemkuta Rupert shambani na wanaume tisa, mapanga mkononi. Ng'ombe walikuwa wamepita kwenye mahindi yake. Upande wa pili wa kijito amesimama Saimon, mfugaji aliyehamia huku miaka sita iliyopita, na ndugu zake sita wenye fimbo. Hakuna aliyepiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Watu wakipiga kelele ujue bado wanaongea.

Nakiri, nilitaka kurudi. Miguu ilishageuka. Halafu nikahesabu. Watu kumi na saba! Wamejikusanya wenyewe, bila tangazo! Nitawapata wapi tena? Nikaingia kijitoni, maji magotini, nikainua daftari juu.

Saimon akanisalimia kwa adabu. "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba kwa sauti kubwa, Rupert asikie. Nikamuuliza ng'ombe wanakunywa wapi.

"Kule bondeni, mzee. Lakini kila upande watu wamelima. Ng'ombe hawaruki. Wapite wapi?"

Rupert akapaza sauti kwamba wapite walikotokea.

Na mimi, niliyekuja kwa ajili ya saini, nikakumbuka. Mwaka 1993 tulipanda mikuyu hapa. Mistari miwili, kutoka barabarani hadi bondeni, na njia ya mifugo katikati. Wakati ule ng'ombe walikuwa wachache tu, wa mapadri, lakini Suzana alisema siku moja watakuja wengi. Nikawaambia. Rupert akabisha, kwamba ile ilishakatwa zamani. Nikasema twende tukaone. Mapanga yale yale yakafyeka vichaka, Rupert na watu wake mbele, Saimon na ndugu zake nyuma.

Ilikuwepo. Mikuyu mikubwa, huwezi kuikumbatia peke yako. Katikati njia imefunikwa na magugu, lakini pana, inateremka mpaka majini. Na mahindi ya Rupert yameingia ndani ya njia hatua sita. Rupert akavua kofia, akaangalia mbali.

Mimi nilikuwa naangalia mkuyu wa tatu. Siku ile Suzana alikuwa na mimba ya Frida, peku, udongo mpaka viwikoni. Nilikuwa nimeanza kuwahutubia wenzetu juu ya umuhimu wa kupumzika. Akaniambia, "Baba, leta maji. Hotuba baadaye." Nikaleta maji. Mkuyu wa tatu ni ule.

Wakakubaliana pale pale. Rupert atarudisha hatua zake sita akishavuna. Saimon na ndugu zake watafyeka njia yote, na kesho watakuja kusaidia kupanda upya palipokanyagwa. Wakataka yaandikwe. Karatasi safi daftarini ilibaki moja tu, ile ya ORODHA YA WANACHAMA WAPYA. Nikayaandika makubaliano haraka haraka chini ya kichwa cha habari, mstari kwa mstari, wakasaini wote kumi na saba.

Kumi na sita wapya! Na Rupert, na mimi. Kumi na nane!

Nimerudi nikiimba njia nzima. Nadhani walidhani naimba kwa sababu ya amani.

Ijumaa, 17 Januari

Nimefua suti ya kaunda. Haikauki. Frida kapiga simu kutoka Dodoma, anauliza kama nakula. Nimemwambia nina wanachama kumi na nane. Akauliza tena kama nakula.

Jumamosi, 18 Januari

Suti bado mbichi. Nimeivaa hivyo hivyo.

Ukumbi umejaa. Lukresia kaanza. Miche elfu nne na mia mbili. Chemchemi mbili zimezungushiwa uzio. Ramani ukutani, yenye rangi! Watu wanaitikia kwa vichwa. Nilitafuta kosa kwenye ile ramani mpaka macho yakauma. Hakuna.

Zamu yangu. Nikasimama, nikasoma majina kumi na nane, polepole, moja moja, kama orodha ya waliofaulu. Mwalimu Pamela akaandika. Lukresia akanitazama kwa mshangao. Ningetaka dakika ile ikae sana.

Mlango ukafunguliwa. Rupert na Saimon! Wamekuja kwa pikipiki moja, matope mpaka kwenye nyusi. Wanataka nakala ya makubaliano, mwenyekiti wa kijiji anaihitaji. Mwalimu Pamela akauliza makubaliano gani. Rupert, ambaye kwa sababu ya sikio lake haongei ila kwa kupayuka, akasimulia yote. Mapanga. Kijito. Mikuyu. Ukumbi ukapiga makofi, kisha vigelegele vya kina mama, na Lukresia miongoni mwao. Nikaketi wima. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mkono wa suti.

Kisha Mwalimu Pamela akaomba aone hiyo karatasi.

Akasoma juu. Akasoma chini. Akavua miwani. Akamuuliza Saimon kama amejiunga na Umoja wa Amani na Miti.

"Hapana, mwalimu," Saimon akasema kwa upole. "Mimi nilisaini njia ya ng'ombe."

Kicheko, mpaka madirishani. Hilo ningelivumilia. Lakini Rupert akaongeza, bila ubaya wowote, kwa sauti yake ile, kwamba yeye alidhani Umoja ulizikwa siku ile ile tuliyomzika Mama Frida.

Nikaanza kukamua mkono wa suti.

Tumeunganishwa. Jina: Miti na Amani. Miti mbele. Mwalimu Pamela kasema kuna vijiji viwili vingine vina ugomvi wa njia za mifugo, na kwamba vikundi vyote vinaniomba niwe msuluhishi. Watu wakapiga makofi tena. Nimeitikia kama mtu anayepewa pole.

Jumapili, 19 Januari

Baada ya misa ya kwanza Lukresia alinisubiri nje. Nikajaribu kupita upande wa kwaya. Akaniwahi.

"Baba Frida. Habari za tangu mwaka 2009?"

Nikasema nzuri. Ningejibu nini?

Akaniambia nimfuate, ana kitu cha kunionyesha. Nyuma ya nyumba yake, juu ya chemchemi, kuna miti. Mizambarau, mikuyu, mingine siijui. Mirefu, kivuli kizito, chini maji yanasikika. Akasema hii yote aliipanda Mama Frida. Kila Alhamisi, kuanzia 2010 mpaka mwaka alipougua.

Nazikumbuka Alhamisi zile. Aliniambia anakwenda kukandwa mgongo. Na mimi nilikuwa namsifia jirani kwamba mkandaji wa Mshangano ni hodari, mke wangu anarudi uso unang'aa kama msichana!

Nikamuuliza Lukresia kwa nini hakuniambia.

"Tulimuuliza. Akasema, mwacheni na jina lake, napenda anavyolipenda. Sisi tuendelee na miti."

Nikaweka mkono kwenye gome la mzambarau, nikakaa nao hivyo. Lukresia akaenda kuangalia kuku wake, ingawa kuku walikuwa salama.

Mvua ikatuingiza jikoni. Ugali na likolo, mboga zetu za majani, na togwa kwenye kikombe cha bati. Akanisimulia mambo ya Suzana ambayo sikuwahi kuyasikia. Jinsi alivyoniigiza ninavyokohoa kabla ya hotuba. Kina mama wote wa Mshangano wanaweza kuniiga, kumbe. Lukresia akaiga. Ni mimi kabisa. Sijacheka hivyo tangu mazishi.

Nimefika nyumbani nimeamua. Hila basi. Lukresia ni kiongozi mzuri na nitamtii. Naandika hapa ili iwe ushahidi.

Jumatatu, 20 Januari

Ujumbe wa Mwalimu Pamela asubuhi. Vikundi vya Mbinga vinamwalika mtu mmoja kutoka Songea, wiki ijayo, siku mbili, akawaeleze wakulima wa kahawa mipango yetu. Nafasi ni moja. Ameteuliwa Lukresia.

Nilimfurahia. Kwa kweli nilimfurahia, kama robo saa hivi.

Halafu nikawaza. Mbinga ni safari ya vilima, na mwanamke huyo amechoka. Ramani ile peke yake! Kumpumzisha ni wajibu wa kila mwanachama mwenye moyo. Na pia huko kuna jukwaa.

Simu haifai, inaonyesha namba. Nimewaandikia barua watu wa Mbinga. Kwamba kwa masikitiko Mama Lukresia ameshikwa na surua, na nafasi yake itachukuliwa na ndugu Polikarp, mtu mwenye uzoefu mkubwa na sauti nzuri. Nimeiandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko usijulikane. Saa nzima! Mkono unauma mpaka begani. Kila neno nimelipima, hakuna mwenye akili anayeweza kugundua imetoka wapi. Mwisho nikaweka sahihi yangu na cheo, kama kawaida, nikamkabidhi kondakta wa basi la saa nne.

Kazi safi kabisa.