Bunduki ya Babu Lazima Iseme

Jumatano, 14 Februari 2001. Ibra, Omani.

Kach. Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu Idi ndogo. Si kubwa. Kama mtu anafunga mkoba. Wanaume wa mtaa walikuwa uwanjani wakipiga shabaha kwa zamu, sisi wanawake tumo garini tunatazama. Ikafika zamu ya Babu Abdullatif, aliyewinda nyati Tabora kwa bunduki hiyohiyo yenye mdomo mpana. Akalenga. Kach. Akavuta tena. Kach.

Binamu yangu Thuwaini akauliza, watu wote wasikie, kama ile ni bunduki au pampu ya baiskeli. Tangu siku ile Babu hatoki. Hata sala anasalia nyumbani.

Leo Baba amekata shauri. Isiposema Idi kubwa, bunduki itakwenda kwa Thuwaini, aitundike ukutani majlisini kwake, sebule ya wageni, kando ya picha ya farasi. Babu akasogeza kikombe chake cha chai. Aliomba sukari, na sukari ilikuwa imeshatiwa.

Haitakwenda. Nitaiunda upya. Risasi zake haziuzwi tena popote, basi nitayeyusha madini nizisubu mwenyewe. Shuleni mimi ni Mwalimu Shukriya, nasomesha kemia. Tatizo moja tu: naogopa bunduki. Naogopa hata puto.

Ijumaa, 16 Februari.

Baba kaenda Nizwa mnadani, kutafuta mbuzi wa Idi. Nikafuatana naye. Bunduki nimeifunga ndani ya mkeka, nikasema ni mkeka. Njia nzima mdomo wake ulinielekea goti. Nilijua haina kitu. Hata hivyo nilisoma Ayatul Kursi mpaka tukafika Samail.

Baba alipozama kwenye mbuzi, nikapenya kwa Khalaf, fundi wa majambia na bunduki. Mtutu mzima, akasema. Springi imekufa, kitako kimeliwa na mchwa. Ataunda bunduki mpya juu ya mtutu wa zamani, na kalibu ya kusubia risasi akanipa palepale. Kisha akauliza nakshi ya fedha: waridi au mwezi? Nikamwambia nataka isimuue Babu. Akajibu hilo ni la Mungu, yeye ni wa nakshi.

Akauliza macho ya mzee yakoje. Nikasema mazuri. Jana Babu alilitolea salamu friji, akasimama kungoja jawabu.

Jumanne, 20 Februari.

Nimeyeyusha madini ya risasi uani, nyuma ya jiko, katika dalla, birika kuukuu la kahawa. Vipande vya kuzamishia nyavu, vya mjomba wangu mvuvi wa Tiwi. Ya kwanza imetoka na shimo. Ya pili ina mkia. Ya tatu ilinimwagikia kwenye ndoo ya maji, ikalia pshaa, nikaruka. Nilipotua, kichwa cha jirani yetu Bi Kaltham kilikuwa juu ya ukuta.

Akauliza nafanya nini. Nikinena kweli, Baba atajua kabla ya magharibi. Nikainamia ndoo. Akajijibu mwenyewe: kumbe naondoa hasadi, jicho baya, kama alivyokuwa akifanya mke wa yule mwalimu wa Kimisri, kumwaga risasi majini. Akachungulia ndoo.

"Shukriya mwanangu, hili jicho khasa. La nani?"

Nikasema, la Thuwaini.

Mdomo ulinitangulia.

Ijumaa, 23 Februari.

Bi Kaltham katangaza; uani wamejaa wanawake na shuka zao za kujifunika risasi ikimwagwa. Mmoja kaja na mtoto asiyekula. Nikakataa. Hawakataliki. Nikamwaga. Mtoto akala mikate mitatu. Nimekwisha. Nikiitwa mchawi, shule itanitoa, na barabara ya kwetu hatapita mchumba tena.

Alasiri kaja Thuwaini mwenyewe, uso umemsawijika. Watu wanaficha watoto akipita. Muuza halwa kamfungia mlango. Ananiomba kwa haki ya udugu nilitoe jicho lake.

Nikamwambia, jicho kama hilo linataka risasi nyingi.

Kaleta ndoo nzima. Risasi za Babu zimetoka nzuri, laini kama tende. Huruma ilinishika kidogo. Ikaniachia.

Jumatatu, 5 Machi.

Khalaf kaileta kwa teksi. Waridi na mwezi pamoja, na baruti ya risasi zangu kashindilia yeye. Hakuijaribu. Nikamuuliza sababu. Akasema ana watoto wadogo.

Nimempa Babu. Kaipapasa, kanusa kitako, kauliza nani. Nikasema mimi. Akaisimamisha ukutani.

"Bas. Ninyooshee kanzu yangu."

Nimeipiga pasi mara tatu.

Jumanne, 6 Machi. Idi.

Nilijikunja chini ya kiti cha gari, vidole masikioni. Babu akalenga. Nilitaka kukimbia nimnyang'anye. Nikazidi kujikunja.

Haikuwa kach. Gari lilitikisika, mbuzi wa mtaa mzima wakanyamaza. Babu chali vumbini. Nimemuua, nikajua. Nikakimbia uwanjani, mwanamke peke yangu mbele ya wanaume wote.

Alikuwa akicheka. "Imesema, mjukuu wangu. Umeisikia?"

Shabaha haikuguswa. Tangi la maji juu ya paa la Thuwaini lilivuja mbele na nyuma. Thuwaini alilia kwa furaha: tangi limelibeba jicho lake, kapona. Sasa anaitaka bunduki kuliko mwanzo. Dawa ile, anasema.

Baba kaifungia kabatini. Kesho kutwa inakwenda kwa Thuwaini. Nikamkumbusha sharti lake: imesema. Akajibu, ndiyo sababu.

Jumatano, 7 Machi.

Babu kaenda msikitini kwa miguu yake. Aliporudi akauliza bunduki iko wapi. Nikasema inapumzika. Akasema vizuri, Idi ijayo atalenga kushoto kidogo.

Nimetubu. Sisemi uongo tena, siyeyushi tena.

Baba alipoingia kuoga, niliuchapa ufunguo wa kabati kwenye sabuni, nikasubu wa risasi. Uliingia vizuri. Ukageuka nusu. Risasi ni laini. Hilo nalisomesha kila mwaka. Kichwa cha ufunguo kimebaki mkononi mwangu, mwili umo kitasani. Kabatini zimo pia pasipoti zetu zote, na Baba anasafiri Jumamosi.

Bi Kaltham kachungulia dirishani, kauliza kitasa kina nini. Nikasema jicho. La Khalaf, fundi wa Nizwa.

Nimeamua kusubu ufunguo wa pili, mnene zaidi, wa kuusukumia nje ule uliokatika. Dalla imeshaanza kutoa moshi.