Kila Saa Sita

Jumapili, tarehe 3 Machi

Miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku kumi na moja tangu niondoke nyumbani. Nimeamka koo linauma. Si kuwasha, ni kuuma hasa. Kumeza mate ni kama kumeza kifungo cha koti kilichovunjika. Nimejaribu kutomeza. Haiwezekani. Nimemeza mara kumi na nne kabla ya chai, na kila mara nimeihesabu.

Ugonjwa haukubaliki wiki hii. Jumamosi ninasoma ukumbini kurasa sita nilizoziandika mwenyewe juu ya nyumba tuliyokulia, chumba kwa chumba. Kinyozi atanasa sauti kwa mashine yake, kisha Dada atapelekewa. Dada, aliyebaki kwetu, ana miaka themanini na miwili, macho yameshamwacha, na nyumba yenyewe ilibomolewa. Ameomba kitu kimoja tu: aione tena kwa sauti yangu.

Katibu wa chama cha watu wa kwetu huku ugenini yuko tayari kusoma badala yangu. Yuko tayari tangu mwaka juzi. Ana sauti ya mpiga mnada, na mlango huuita "mulango". Mimi nilisahihisha chapa miaka ishirini katika kiwanda cha vitabu. Siwezi kumkabidhi mtu huyo milango yetu. Ipo saba.

Azimio: asijue mtu. Binti yangu, ninayeishi kwake, akiuliza mbona kimya, nitasema natafakari.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kauliza. Nikamwandikia kwenye karatasi: Natafakari. Akataka kujua ni tafakari gani inayomfanya mtu aache mkate. Nimeuacha kwa sababu ukoko wake unapita kooni kama msasa. Sikuandika hilo.

Nimefungua kitabu changu cha tiba, cha zamani, nilikisahihisha mwenyewe (ukurasa wa 88 una kosa ambalo hadi leo linaninyima raha). Kinasema: chumvi nusu kijiko katika glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, tema. Nikajifungia bafuni. Nimesukutua mara nane, kwa bidii. Kumbe sauti ilipanda na bomba hadi kwa jirani wa juu. Jirani akamwambia Binti kuna maji yamenaswa ukutani. Binti akaita fundi bomba. Fundi akaweka sikio ukutani nusu saa nzima. Mimi kimya chumbani, nimeziba mdomo kwa taulo. Akaondoka akisema hajapata kuona mabomba mazima kama yale.

Jioni Katibu akapiga simu. Nikagongagonga kijiko kwenye kikombe ili aamini laini ni mbovu. Akasema sauti yangu inakwaruza. Nikasema ni laini. Akasema laini ni nzuri, anaisikia hadi saa yetu ya ukutani, na pia anasikia mtu anagonga kikombe.

Ana masikio, yule. Angekuwa na ulimi wa kufanana nayo.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimekamatwa. Nilipiga mwayo mbele ya Binti, naye akawahi na kurunzi. Akasema mafindofindo yamevimba na yana madoa meupe. Sikuweza kubisha, ulimi ulikuwa chini ya kijiko.

Kliniki. Daktari akanibonyeza chini ya taya, akauliza kama nina kikohozi (sina), kama nina homa (ninayo), akapitisha kijiti cha pamba kooni hadi nikatokwa machozi. Akaeleza kwamba maumivu mengi ya koo huletwa na virusi na huondoka yenyewe baada ya siku chache, wala antibiotiki haziyasaidii. Ila kijiti kimeonyesha yangu ni ya bakteria. Nilijisikia fahari kidogo. Si koo la kila mtu.

Nimepewa vidonge vya siku kumi, na dawa ya maumivu. Ninywe maji mengi, nile vitu laini. Nikishindwa kumeza hata mate, au kinywa kikikataa kufunguka, au pumzi ikiwa ya shida, nirudi mara moja bila kungoja miadi.

Sasa jambo zuri. Nesi ni wa lugha yetu! Akanishika mkono, akaniita baba, akasema nimeze kimoja kila saa sita na nivimalize vyote hata nikipona kabla. Kisha akayaandika maneno hayohayo kwenye kopo kwa kalamu yake: Kimoja kila saa sita. Ufasaha ulioje. Miaka yote hii wenyeji wananipa saa zao, nami nazigeuza kichwani. Leo kwa mara ya kwanza mtu kanipa saa yangu. Saa sita mchana kimoja, saa sita usiku kimoja.

Nimevihesabu. Arobaini. Vinavyohitajika ni ishirini. Msichana kakosea hesabu, na mimi sikumwaibisha.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Saa sita usiku, kidonge. Saa sita mchana, kidonge. Nidhamu ya jeshi.

Katibu kaja kuniona, amevaa koti lake la ukumbini. Kaja na nakala ya kurasa zangu sita, sijui kazipata wapi, na kazipigia mistari ya kalamu nyekundu mahali pa kupumua. Akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba yeye anajinoa tu, endapo nitashindwa. Nikamwashiria kuwa naendelea vizuri mno. Nikala biskuti mbele yake kumthibitishia. Kosa kubwa. Aliniuliza kwa nini nalia. Nikamwonyesha ukurasa wa tatu, ule wa chumba cha mama. Akanipigapiga bega. Nusura nimpende.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Homa imeshuka, koo bado. Sauti hakuna kabisa. Ninachotoa ni upepo.

Binti kahesabu vidonge. Kakuta thelathini na vinne. Akasema vingepaswa kubaki ishirini na vinane hivi. Akauliza ninavimeza vipi. Nikamwonyesha saa ya ukutani: mishale yote miwili juu. Akakaa kitini.

"Baba, ni kila baada ya saa sita. Mara nne kwa siku. Umejitibu nusu."

Nikaomba karatasi. Nikamwandikia kwamba "kila saa sita" na "kila baada ya saa sita" ni vitu viwili, na kwamba neno "baada" halikuwekwa pale kama pambo. Kama Nesi alilitaka, angeliandika. Binti akajibu kwamba bakteria hawasomi sarufi. Tangu hapo ananisimamia kama mlinzi wa benki.

Imebaki siku moja. Daktari, kwa simu, kasema nisilazimishe sauti. Nikilazimisha, nitaipoteza wiki mbili. Kwa hiyo ni Katibu na milango yake, au ni hila.

Ni hila. Miaka kumi na miwili iliyopita nilizisoma kurasa hizi jikoni, nikazinasa kwenye kaseti. Kaseti ipo, kinasa kipo. Kinyozi kakubali kuicheza nyuma ya pazia huku mimi nikichezesha midomo mbele. Ana kisa chake: Katibu aliwahi kusema hadharani kwamba kichwa kikitoka kwake huonekana kama kimeliwa na mbuzi.

Nilisikiliza dakika tatu za mwanzo. Safi kabisa. Sikuendelea. Muda wote nilikuwa mbele ya kioo, nafanya mazoezi ya midomo.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Ukumbi umejaa. Katibu kaketi mstari wa mbele, kurasa zangu magotini, kakohoa mara moja kusafisha njia. Nilipopanda na kuinama, sauti yangu ikajaa ukumbi. Sauti ya mtu mzima mwenye meno yote. Mlango wa kwanza, wa uani. Wa pili, wa ghala. Midomo yangu ilikwenda nayo bega kwa bega. Nilimwona Katibu akikunja kurasa. Ushindi!

Mlango wa tano, sauti ya mwanamke ikasema:

"Wewe mzee, umeruka mstari."

Mke wangu. Alifariki miaka tisa iliyopita. Alikuwa jikoni siku ile akipepeta mchele, nami nilikuwa nimesahau. Nilifunga mdomo. Sauti yangu haikufunga wake. Ikasema, mbele ya watu mia moja na mimi midomo imebana: "Upi?"

"Ule unaosema tutarudi."

"Nitausoma mwishoni."

"Hutausoma. Nakujua. Haya, endelea, chai inapoa."

Watu walianza kucheka, ndiyo. Kisha waliomfahamu wakaacha, na wengine wakaacha kwa kuwaona hao. Kinyozi akachungulia pazia, kidole juu ya kitufe, hajui azime au asizime. Sikuweza kumwambia. Aliyesimama ni Katibu. Nilijua nimekwisha.

"Mwacheni amalize," akasema. "Na mama naye amalize."

Akapanda jukwaani, akaketi kando yangu, akanywa maji katika glasi yangu. Kaseti ikaenda hadi mwisho. Chumba cha mama, ngazi, mlango wa saba. Mwishoni kuna sufuria inafunikwa, kisha kimya. Mstari ule sikuusoma.

Binti alinirudisha nyumbani. Mlangoni akanipa kidonge, akageuka upande akafuta uso.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Koo limepona! Nimekula mkate na ukoko wake.

Katibu anaumwa koo. Glasi yangu, bila shaka. Nimemtembelea asubuhi, Binti akiwa kazini. Nilimkuta anasukutua, na mtu wa juu anagonga sakafu. Nikamshauri aende kliniki. Akasema foleni ni ndefu. Basi. Nimeshapona, na vidonge vilivyobaki ni kumi na vinane, vya nini tena? Nimempa tisa, tisa nimevificha ndani ya soksi kwa koo lijalo. Akauliza ameze vipi. Nikamwambia kila saa sita. Akauliza kama ni kila baada ya saa sita. Nikamweleza kwa utulivu, kama mtu aliyeishi kwa kusahihisha maneno: mchana kimoja, usiku kimoja. Akanishukuru sana. Binti asijue.

Mchana Dada akapiga simu. Sauti ya kaseti imemfikia, Kinyozi aliituma kwa simu bila kukata kitu. Ameisikiliza mara nne. Kasema ameiona milango yote saba, na ule wa ghala ameusikia hata unavyolia. Kisha akaniambia:

"Nimemsikia wifi yangu anakukumbusha mstari. Mdogo wangu, nisomee sasa."

Kurasa zilikuwa mezani. Sauti ninayo, safi, ya kutosha. Nikausoma: Tutarudi mwakani, mvua zikiisha. Dada akasema vizuri, ataanza kupanga nani atanipokea. Nikasema apange. Akauliza kama ningependelea chumba chenye dirisha la mashariki au la magharibi. Nikachagua la mashariki. Nikauliza kama kuna mahali pa kuweka vitabu.

Sitarudi.