Siku Kumi na Moja za Kutulia

Jumatatu, 6 Mei

Nimeshushwa kwenye kreni. Mimi! Miaka kumi na mitatu kule juu na sijawahi kuangusha hata tofali. Muuguzi wa kampuni kanifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, kapuliza, katazama, kapuliza tena. Mia na sabini na mbili kwa mia na kumi. Kaniuliza kama kuna kitu kinanisumbua. Nikamwambia ni yeye. Kaandika.

Uamuzi: nikae ghalani nihesabu kofia ngumu mpaka Ijumaa ya tarehe 17, nipimwe upya. Presha ikishuka narudi juu. Isiposhuka, kreni anapewa mtu mwingine moja kwa moja. Na huyo mtu ni nani? Shemeji, mume wa mdogo wangu, ambaye kazi nimemfundisha mimi mwenyewe kwa moyo mweupe. Leo kakalia kiti changu.

Mke wangu hata pole hakunipa. Kaniandikisha darasa la taichi, yale mazoezi ya Kichina ya kwenda polepole, kwa sababu jirani yalimshusha presha. Mwalimu ni mkunga mstaafu. Nimempigia simu kuuliza yanachukua muda gani. Kasema miondoko ni mia moja na nane, na wengi huanza kuielewa mwaka wa tatu. Nimemwambia mimi nina siku kumi na moja. Kasema karibu.

Jumatano, 8 Mei

Darasa liko juu ya duka la magodoro. Watu kama ishirini. Nilikwenda na buti za kazini, nikaambiwa nivue, na soksi ya kushoto ina tundu. Mwanzo mbaya.

Tumesimama. Basi. Kusimama tu, macho tumefumba, magoti yamelegea, mikono mbele kama mtu aliyekumbatia mti. Dakika ishirini! Dakika ya pili pua ikaanza kuniwasha. Dakika ya nne nikakumbuka kwamba mimi nakumbatia mti ambao haupo huku shemeji ameshika vishikio vyangu vya kreni ambavyo vipo. Dakika ya sita nikafumbua jicho moja nione nani mwingine anadanganya. Hakuna. Mama Mkunga alikuwa amesimama mbele yangu akilitazama jicho lile lile.

Kaniuliza mti wangu uko wapi. Nikamwambia nimeshamaliza. Kasema nianze mwingine.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepata mpango. Darasani mzunguko mmoja wa miondoko yote unachukua dakika ishirini na tano. Nikienda mbio naumaliza kwa dakika mbili. Yaani kwa saa moja napiga mizunguko thelathini, na utulivu wa mwezi mzima unaniingia asubuhi moja. Sijui kwa nini Wachina hawakuliona hili.

Nikatafuta video kwenye simu, nikaiongezea kasi, nikaanza jikoni kabla ya kazi. Mizunguko minne safi kabisa. Wa tano kiwiko kikaipiga sufuria ya chai. Mke wangu kasema kama nataka kupigana na vyombo nianze na vile vichafu. Nimeviosha kwa hasira, na jasho linanitoka.

Mchana nimejikuta napita karibu na kreni. Ghala liko upande mwingine kabisa wa mradi, lakini nimejikuta. Shemeji alikuwa anashusha vyuma. Kavishusha taratibu, vikatua bila kelele. Iliniuma kweli. Watu wanadhani naogopa kupoteza cheo. Kule juu ndiko mahali pekee ninapotulia, upepo tu na vishikio viwili, na hakuna mtu wa kuniuliza nimekwama wapi. Kutulia kwingine kokote sikujui.

Ijumaa, 10 Mei

Leo nimekaa mstari wa nyuma kabisa. Akili hiyo. Ukiwa nyuma unamwiga wa mbele yako na hakuna anayekuona. Nilichagua mgongo mpana wa msusi mmoja, nikamfuata mkono kwa mkono. Dakika tano nilikuwa bingwa.

Sikujua kwamba hii miondoko inageuka. Mtu anaanza ametazama ukutani, katikati wote wanageuka nyuma kwa pamoja. Wakageuka. Ghafla mimi ndiye wa mbele, mgongo wa msusi haupo, na watu ishirini wako kisogoni kwangu. Nikabaki na mguu mmoja juu nikingoja mtu anisaidie. Nimeushikilia ule mguu mpaka ukafa ganzi.

Mama Mkunga kanisifu kwa uvumilivu. Nahisi alikuwa ananicheka.

Jumatatu, 13 Mei

Siku mbili nimefikiria, nimegundua tatizo ni nafasi. Pale dirishani, kwenye kona, kuna upepo mzuri na ukuta wa kuegemea. Anasimama pale siku zote mzee mmoja aliyekuwa posta, tunamwita Mzee Posta. Kona zote nne zina wenyewe, na wenyewe ndio wale wale kila siku. Nikasema hapa pana upendeleo. Nikafika nusu saa mapema, nikaikalia.

Mzee Posta kaja, kanitazama, kaniuliza kwa upole kama nina uhakika. Nikamwambia nafasi hazina majina. Kacheka kidogo, kaenda zake katikati. Nimeshinda, nikajisemea.

Mama Mkunga kasema leo hatatangulia, tufanye wenyewe, kakaa na kikombe chake. Tukaanza. Nikawa naiga wenzangu mpaka tulipogeukia dirishani, na wote wakanikodolea mimi macho.

Kumbe kona ni za wanaojua! Popote darasa linapogeukia, pale mbele lazima awepo mjuzi mmoja wa kufuatwa. Hivyo ndivyo wanavyofundishana tangu zamani. Na kwenye hiyo kona, kwa dakika kumi zijazo, mjuzi ni mimi.

Nikabuni. Nikapeleka mkono kushoto, mikono ishirini ikaenda kushoto. Pua ikaniwasha, nikaikuna. Watu ishirini wakakuna pua, taratibu, kwa heshima zote. Hofu ikanishika, na mimi nikishikwa na hofu nakwenda mbio. Nikaenda mbio. Nao mbio. Nimewapeleka mpaka kwenye kabati la mafagio, msusi akaliangusha, na Mzee Posta peke yake ndiye aliyebaki katikati ya ukumbi akimalizia muondoko sahihi.

Mama Mkunga kaweka kikombe chini. Hakunigombeza. Kasema hawa watu wamenifuata kwa sababu wameniamini, na kwamba Jumatano nije peke yangu, kabla ya wenzangu. Ningependa zaidi kama angenigombeza.

Jumatano, 15 Mei

Saa nzima tumefanya hatua moja. Moja! Kuhamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Kaniwekea kiganja mgongoni, kila nilipoharakisha kakiondoa, tukaanza upya. Tumeanza upya mara arobaini hivi.

Halafu kikatokea kitu. Sikijui jina. Uzito ukahama wenyewe, kama ndoo ya zege inapoachia ardhi pole pole na waya haujatikisika. Masikio yakaziba kelele za barabarani. Nilikuwa kule juu, kwenye kiti changu, na miguu iko juu ya duka la magodoro. Machozi yalinilenga, naandika hapa tu.

Kaniuliza nimehisi nini. Nikamwambia nimehisi niko tayari kwa miondoko mia na saba iliyobaki. Kiganja kikaondoka.

Ijumaa, 17 Mei

Niandike kama ilivyokuwa.

Nimefika kwa muuguzi saa mbili asubuhi. Nimekaa kwenye benchi, nikahamisha uzito kulia, kushoto, kulia. Kanifunga kitambaa. Kapuliza. Mia na ishirini na sita kwa themanini na mbili. Katabasamu, kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye uso ule. Kachukua fomu ya kurudi kazini, kaandika kipimo kwa kalamu. Kasema Jumatatu narudi juu. Nilitaka kumkumbatia kama mti.

Kulikuwa na fomu nyingine pale mezani. Sikuitafuta, macho yamekwenda yenyewe. Shemeji, kipimo cha leo asubuhi: mia na kumi na nane kwa sabini na sita.

Nimemwomba anipime tena.

Kaniuliza kwa nini, kwani nimeshafaulu. Nikamwambia bado kuna nafasi ya kushuka. Kaniambia kampuni inatambua kipimo cha mwisho, akipima tena cha kwanza kinakatwa, kisha kaniuliza kama nina uhakika. Kaniuliza mara tatu. Mara zote tatu nilikuwa na uhakika. Nikafumba macho, nikashika pumzi, nikaiamuru presha ishuke chini ya mia na kumi na nane.

Mia na sitini na tisa kwa mia na nane.

Kaukata ule mstari wa kwanza kwa rula.

Jumamosi, 18 Mei

Msimamizi ana huruma. Kampuni imenipa nafasi moja ya mwisho, tarehe 31. Mke wangu hasemi na mimi tangu jana, ila kaninunulia soksi mpya.

Mdogo wangu kapiga simu akilia. Anasema mumewe anaogopa kile kimo. Anapanda ile ngazi amefumba macho, jioni chakula hakipiti, na hajapata kuniambia kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Ijumaa presha yake ilikuwa safi kwa sababu moja tu, alijua ndiyo siku yangu ya kupimwa, nirudi juu na yeye ashuke. Mumewe kamsihi anifikishie ujumbe: nitulie, nisishindane na mtu, wote wananitegemea mimi.

Nimeutafakari huu ujumbe tangu mchana. Shemeji kaucheza vizuri, lazima nikubali. Anataka nilegee. Mtu mwenye mia na kumi na nane haogopi kitu.

Kwa hiyo nimeamua: nitakuwa mtu mtulivu kuliko wote katika mradi ule, shemeji akiwemo, na nimejipa mpaka Alhamisi.