Mpiga Picha wa Matumbo

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Imeanza vibaya, imeisha vibaya, na katikati yake mvua.

Asubuhi, kituo cha maziwa, nimekuta tangazo limebandikwa ukutani. Limetoka ofisi ya mifugo. Mtu yeyote asiye daktari wa mifugo, anayepima mimba za ng'ombe kwa mashine, lazima asome kozi, afanye mtihani, kisha afanye kazi chini ya daktari. Asiye daktari! Nimelisoma tena na tena, na kila nikifika mwisho naona ninayesemwa ni mimi.

Nijieleze, huenda wajukuu wakasoma hapa siku moja. Mimi nilikuwa mpiga picha. Harusi, mahafali, picha za vitambulisho. Simu zilipojifunza kupiga picha, studio ikafa. Nikauza kamera, taa, na lile pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji, nikanunua mashine ya ultrasaundi iliyokwisha tumika. Picha ni picha. Tofauti ni kwamba ng'ombe hatabasamu, na mkono unaingia hadi kwenye kiwiko mahali ambapo sitapataja.

Daktari ni binti mdogo, buti zake bado zinang'aa. Ametangaza kwamba Alhamisi mchana ataanza kuzunguka kuwapima upya ng'ombe wote waliopimwa na "wengine". Wengine ndio sisi. Ataanza na ng'ombe wa mama mkwe wangu. Ni wivu tu wa Daktari, hakuna kingine.

Mkono naye alikuwepo. Huyo ni mpinzani wangu, zamani dereva wa lori la maziwa, sasa anapima mimba kwa kupapasa bila mashine, ndiyo asili ya jina. Amejiandikisha kozi palepale, mbele za watu, huku anacheka. Hana haya. Jioni mke wangu, fundi cherehani, akauliza kwa nini nami nisiende. Nikamjibu mwenye macho haambiwi tazama. Akasema sawa, akaendelea kushona pindo. Siipendi ile "sawa" yake.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa mama mkwe kumjulia hali tu. Sikwenda kwa hofu. Basi, nilikwenda kwa hofu.

Ana ng'ombe mmoja, Tulia, mweupe mwenye mabaka mekundu, mpana kama kabati. Maziwa ya Tulia ndiyo yanayomfanya mama mkwe aishi kwake bila kumpigia mtu magoti. Sasa maziwa yamekauka. Kama Tulia ana mimba, atazaa na maziwa yatarudi. Kama hana, mama mkwe atakuwa mtu wa kuomba kibaba kwa watoto wake. Mwenyewe alinieleza hivyo mwezi uliopita aliponiita nimpimie.

Nikampima. Kioo kikawa cheusi. Nikageuza kichwa cha mashine huku, nikakigeuza kule. Giza! Na mama mkwe amesimama na ndoo yake, anangoja neno. Mtu atamwambiaje mama mkwe "sijui"? Nikasema tupu. Nikalisema kitaalamu, huku navua glavu.

Leo ananiambia kwamba akimwegemea Tulia ubavuni, kuna kitu kinampiga teke. Nikamweleza kuwa ni gesi. Akauliza, kwa adabu, kama gesi ina miguu. Nikasema gesi ya ng'ombe ni nzito, haifanani na ya watu. Nimerudi nyumbani kabla hajauliza lingine.

Jumatano, 6 Machi

Wazo! Limenijia wakati nanyoa ndevu, nikajikata kidevu kwa furaha.

Daktari hawezi kumpima upya ng'ombe ambaye hayupo. Nikiwa nilisema kweli, hakuna aliyepoteza. Nikiwa nilikosea, hakuna atakayejua. Nimelizungusha wazo hili pande zote, sijaona tundu.

Mchinjaji wa sokoni amekubali kumchukua Tulia kesho alfajiri. Nikamsihi aanze na yeye kabla ya wengine, mara tu akifikishwa. Akataka kujua haraka ni ya nini. Nikasema ng'ombe huyo akingojeshwa huwa mkali. Tulia, mkali! Kuku hulala mgongoni mwake.

Kazi ilikuwa kwa mama mkwe. Nimemweleza kwamba ng'ombe asiyezaa ni mgeni asiyeaga. Nimemweleza kwamba atapata mtamba mzuri badala yake, nitamtafutia mimi mwenyewe. Alikuwa anamtoa Tulia kupe sikioni, hakunitazama. Akauliza kama si vizuri kumsubiri Daktari, maana anakuja kesho hiyohiyo. Nikasema Daktari bado anajifunza kazi. Akamfuta Tulia lile sikio kwa kiganja, kisha akageuka.

"Mkwe wangu, wewe ndiye mwenye mashine," akasema. "Mimi nina mikono ya kukamulia tu. Ukisema hamna kitu, basi hamna."

Aliniamini. Afadhali angenitukana. Nimeondoka haraka, nikasahau hata kuaga vizuri, na njia nzima nimekuwa nikijiambia kwamba mtaalamu hatakiwi kuwa na moyo laini. Mke wangu akauliza nina nini. Nikasema ni kazi tu.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi. Imekwisha! Gari la mchinjaji limekuja mapema. Tulia amepanda mwenyewe bila kusukumwa. Mama mkwe hakutoka ndani. Nimefunga zizi, nimepiga mluzi njia nzima. Daktari aje sasa, apime nguzo.

Mchana. Sijui niandikeje.

Nilipitia kituo cha maziwa ili nionekane mtu asiye na wasiwasi. Mkono alikuwa akiosha madebe. Nikamuuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, Daktari yuko wapi. Akanijibu kwamba Alhamisi asubuhi huwa yuko machinjioni, anakagua nyama. Kila mnyama anayefunguliwa, yeye ndiye hutazama kilichomo na kugonga muhuri. Sikujua nielekee wapi. Nilikuwa nimemficha Daktari ng'ombe kwa kumpeleka mezani pake.

Nikapanda baiskeli. Mnyororo ukakatika kwenye mlima. Nikaitupa kando, nikakimbia kwa miguu.

Sakafu ya machinjio ilikuwa imekwisha kuoshwa. Daktari amevaa aproni ya mpira, ananawa bombani. Mchinjaji amesimama karibu na meza ya zege, kofia mkononi. Juu ya meza kulikuwa na ndama. Jike. Ngozi yake bado nyembamba, lakini mabaka ya mama yake yameshajichora. Kwato zake zilikuwa laini kama sabuni iliyolowa.

Daktari hakufoka. Alisema ndama alikuwa wa mimba ya miezi kama sita. Alisema mimba ikifikia hapo uzito wake huivuta chini, kwenye kina cha tumbo, na kichwa cha mashine hakiwezi kuifikia, kwa hiyo kioo hakionyeshi chochote.

"Kioo kikiwa cheusi hakisemi kwamba hamna kitu," akasema. "Kinasema wewe huoni. Hilo ndilo somo la siku ya kwanza."

Nilitaka kusema neno la maana. Nikasema betri yangu ilikuwa dhaifu. Mchinjaji akavaa kofia yake, akatoka nje. Nikaenda nyuma ya matangi ya maji nikalia. Sikulia kwa ujanja, nililia kweli.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe amekuja. Tangu alfajiri nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi, mazuri, yenye methali mbili. Amekataa chai. Ameketi kwenye ukingo wa kiti, kando ya cherehani, mkoba mapajani kama yuko zahanati.

Maneno yangu yote yakapotea. Nikajikuta naeleza habari za betri. Kisha za umeme. Kisha za watu wanaouza mashine zilizotumika bila kitabu cha maelekezo. Mke wangu akanikata jicho, nami nikashindwa kusimama, nikazidi kushuka mteremko. Mama mkwe akasubiri nimalize.

"Nilikwambia ananipiga teke," akasema.

Baadaye nikamsikia akimwambia binti yake kwamba atauza ndoo na makopo ya maziwa, maana vinamkalia tu machoni. Mke wangu akasema hatauza kitu. Akafunga nguo zake kwenye shuka, wakaondoka pamoja. Mlangoni niliahidi kumnunulia ng'ombe mwingine, mkubwa kuliko Tulia. Hakuna aliyegeuka.

Alasiri Daktari ameniletea ujumbe. Nimezuiwa kupima ng'ombe mpaka nifaulu mtihani. Kozi inaanza Jumatatu na nimewekewa nafasi, jirani na Mkono. Mwisho kabisa ananitakia heri. Amenitakia heri! Sijawahi kutukanwa namna hii.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amekuja wakati sipo, na watu wawili, wameibeba cherehani. Ameiuza. Amemnunulia mama yake mbuzi wa maziwa, na muuzaji amesema ana mimba. Nimeyapata haya kwa Mkono, ambaye ndiye aliyesaidia kumvuta mbuzi hadi zizini. Anajipendekeza kwa wakwe zangu sasa.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Pale cherehani iliposimama sakafu ina rangi nyingine, na vipande vya uzi vimebaki kwenye ufa wa saruji. Ile cherehani ndiyo iliyotulisha tangu studio ife, nakiri. Nimekaa hapo chini nikiokota uzi mpaka mgongo ukauma. Nampenda mke wangu. Lazima nitengeneze mambo, na mapema.

Jumatatu, 11 Machi

Mkono amepita asubuhi kunichukua twende kozi. Shati safi, kalamu mfukoni, anapiga kengele ya baiskeli kama muuza barafu. Nimejificha nyuma ya mlango mpaka akachoka. Nikae darasani na dereva wa lori, nifundishwe picha? Mimi?

Alipoondoka nikaenda kulisoma upya lile tangazo, polepole, neno kwa neno. Linasema ng'ombe. Kila mstari ng'ombe. Mbuzi hawakutajwa popote! Watu wa ofisini hawa, wanaandika sheria huku wanasinzia. Moyo ukanirudia. Niliona wazi kwamba naweza kumrudishia mama mkwe furaha leo hii, kwa kumthibitishia kwamba mbuzi wake ana mimba kweli. Na mke wangu akisikia, atarudi.

Nimekwenda na mashine wakati wao wako sokoni, ili iwe zawadi ya kushtukiza. Mafuta ya kupakia yalikuwa yamekwisha, nikatumia maji. Mbuzi ni mpole, amesimama vizuri, tumbo lake zuri la duara. Nikakipitisha kichwa cha mashine kila upande. Nikatazama kwa makini, kwa muda mrefu kuliko kwa Tulia, asije mtu akasema nina pupa.

Cheusi. Hamna kitu.

Maskini mama mkwe, muuzaji amemwibia mchana kweupe. Na bila mimi angemlisha mbuzi mtupu huyu mpaka mwisho wa mwaka. Safari hii nitamwokoa mapema, na sitaki aumie kwa kusikia habari mbaya isiyo na dawa. Kwa hiyo nimempigia simu mchinjaji kwanza. Hapokei. Nitampigia tena jioni.