Jina la Pili kwenye Fomu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimeiona nafasi yangu! Ufadhili wa kimataifa. Wanachagua watu wawili wawili wa fani tofauti, waliofanya kazi pamoja na watoto mwaka mzima, kisha wanawakutanisha na wenzao wa nchi nyingine kuchunguza jinsi watoto wanavyojifunza. Safari. Mikutano. Kuulizwa maoni! Nina miaka hamsini na miwili. Ishirini na sita nimeimaliza mbele ya ubao uleule hapa Kikula, Likasi, nikifundisha darasa la tano, na hakuna aliyewahi kuniuliza maoni juu ya kitu chochote. Hata mapazia ya nyumbani mke wangu Colette huyachagua peke yake.

Rémy, mwalimu mwenzangu wa darasa la nne, asijue. Ameshakwenda semina mbili, na tangu hapo anaongea akiwa amefumba macho.

Tatizo ni moja tu. Sijawahi kufanya kazi na mtu wa fani nyingine. Wala wa fani yangu.

Jumanne, 4 Novemba

Mtu wa fani nyingine aliye karibu ni mmoja: Fidèle, soudeur, mwenye karakana nyuma ya ukuta wa shule. Anachomelea milango na madirisha ya chuma. Wanafunzi wangu hukimbilia kwake kila mapumziko na kuchelewa kurudi. Mwaka huu nimemwandikia mkuu wa mtaa barua saba za kumshtaki. Saba!

Nimemeza aibu, nimekwenda. Nimemwomba aseme kwamba tumeshirikiana tangu Januari. Akazima mashine, akainua miwani, akauliza kama watoto watapata faida. Nikasema bila shaka. Akakubali palepale, bila kutaja hata barua moja. Watu wa namna hii wanachosha.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeandika kumbukumbu za mikutano yetu arobaini. Kazi ya siku mbili. Colette amegeuzageuza daftari, akauliza imekuwaje mkutano wa Januari uandikwe kwenye daftari lenye kalenda ya mwaka ujao kwenye jalada. Nimeng'oa jalada. Kisha daftari lenyewe nimelipaka mawese na majivu kidogo, lizeeke.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku ya aibu. Madame Noëlla, mjumbe wa ufadhili, amefika kutoka Lubumbashi. Alishika daftari langu, akatafuta kitambaa cha kufuta vidole, hakulifungua tena. Akasema ameshapita kwa mkuu wa mtaa kuuliza kama kuna karatasi yoyote kuhusu mimi na Fidèle. Zipo: barua zangu saba. Mkuu wa mtaa huhifadhi kila karatasi. Mchimba kisima huingia mwenyewe!

Akazisoma kwa sauti, Fidèle akisikia. Barua ya tatu: watoto wanapima vyuma badala ya kucheza kama watoto. Ya tano: mwanafunzi Jessica amenisahihisha eneo la pembetatu mbele ya darasa zima, na alipoulizwa amejifunza wapi akaonyesha ukuta. Nilitazama viatu vyangu. Nikaomba ardhi ipasuke, haikupasuka.

Fidèle ndiye aliyejibu, taratibu, bila hasira: “Mwalimu, batoto banakuyaka kwangu juu kwako hakuna kintu ya kushika.”

Yaani watoto huja kwake kwa sababu darasani kwangu hawana cha kushika kwa mikono. Iliniuma. Inauma mpaka sasa ninapoandika.

Lakini Noëlla alikuwa anatabasamu! Anasema barua zangu ni uchunguzi wa mwaka mzima: tarehe ipo, jina la mtoto lipo, alichojifunza kipo. Hajawahi kuona mwalimu aliyewatazama wanafunzi wake kwa makini hivyo. Tunafaa! Fomu isainiwe Jumatano kabla ya saa sita mchana. Jina la kwanza, Fidèle. La pili, mimi.

La pili.

Jumatano, 12 Novemba

Asubuhi sikusaini. Mimi nina diploma, Fidèle ana kofia ya chuma. Fomu inataka watu wawili, kwa hiyo bila mimi haendi popote. Hesabu rahisi. Nikavaa shati jeupe, nikaacha mlango wa darasa wazi, nikangoja kubembelezwa. Mvumilivu hula mbivu.

Saa tano amekuja mwenyewe, fomu ameishika kwa ncha za vidole isichafuke. “Mwalimu, jina ni jina,” akasema. “Tia yako pale chini, tuende.”

Nikamjibu kwamba nitatafakari. Nikatafakari. Saa sita kasorobo nikasikia vicheko nyuma ya ukuta. Rémy amesaini! Pale chini, akiwa amesimama, kwa kalamu ya kuazima. Kumbe tangu Januari hupeleka darasa lake kwa Fidèle kila Alhamisi, wakapime milango. Mtu anayejisifia hata chai aliyokunywa semina, na hilo hakulisema kamwe. Noëlla amewapa mkono wote wawili.

Jumatatu, 17 Novemba

Wameondoka. Watoto walijipanga barabarani kuwapungia mikono, darasa langu zima, Jessica mbele. Mimi nilibaki ndani na ubao wangu. Nimelia. Nilishika kitu nilichokitamani maisha yangu yote, nikakiachia kwa ajili ya mstari mmoja wa fomu. Mpumbavu! Sitarudia tena, naapa.

Saa nane Noëlla amepiga simu. Mdogo wake Fidèle ataendelea kufungua karakana, na wanahitaji mtu wa kubaki Likasi akiandika watoto wanachofanya pale. Nafasi rasmi, ndani ya ufadhili huohuo. Ameniomba mimi, kwa jina. Mimi!

Nikamwambia nakubali kimsingi, endapo nitaitwa Mratibu Mkuu. Akasema cheo hicho hakipo, na anataka jibu leo kabla ya saa kumi. Colette ananisihi niseme ndiyo, eti mtaka yote hukosa yote. Colette hajui watu wakubwa wanavyojadiliana. Sasa hivi ni saa tisa na nusu. Nimezima simu mpaka kesho, waone pengo langu.