Unyayo wa Baba na Mgongaji wa Ng'ambo

Jumatatu, 9 Septemba

Wiki imeanza vibaya. Rhonda, mwenye mkahawa, ametangaza mbele ya wateja wote kwamba Jumamosi anauteremsha unyayo wa baba ukutani. Unyayo wa baba! Ule aliouchukua kwa mikono yake, kwa plasta, kando ya kijito. Inchi kumi na sita! Hakuna ushahidi wa Miguu-Mikubwa, lile jitu lenye manyoya la msituni, unaoufikia katika kaunti hii. Umekaa ukutani pale tangu Rhonda hajajua kukaanga yai. Sasa anataka kutundika kichwa cha dubu, zawadi ya Dwight Ostrander.

Dwight ni bwana misitu mstaafu. Haamini kitu kisicho na fomu. Akaniambia, pankeki ikiwa bado mdomoni, kwamba baba alipiga plasta alama za dubu: mguu wa nyuma ulikanyaga alama ya mguu wa mbele, ndiyo maana unyayo ukatoka mrefu. Kisha akaniita "mwenyekiti wa manyoya." Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba kama miaka thelathini msituni hajaona kitu, ni kwa sababu alikuwa amelala kwenye gari la serikali. Wakacheka zaidi. Hapo tukawa sare.

Rhonda akaweka sharti. Dwight akikiri kwa mdomo wake mwenyewe, kabla ya Jumamosi, kwamba kuna kitu kule juu mlimani, unyayo unabaki. Asipokiri, unaenda stoo kukaa na viti vibovu. Nimeumia sana. Baba aliitwa mwongo mpaka anaingia kaburini. Sitaki aitwe tena.

Jumanne, 10 Septemba

Nimepanda mlima wenye kile kijito cha baba, na gongo la besiboli. Sisi wa Chama cha Watafutaji (wanachama wanne, mmoja mgonjwa, mwenyekiti mimi) tunajua taratibu. Unagonga shina mara mbili. Unanyamaza. Unasubiri. Miguu-Mikubwa akiwa karibu, naye hugonga. Nimegonga miaka kumi na tisa. Aliyewahi kunijibu ni kigong'ota.

Leo saa nne asubuhi nimegonga mara mbili. Kimya. Halafu, kutoka ng'ambo ya bonde: ko! ko!

Nikakaa chini. Nikagonga tatu. Akajibu tatu! Anajua kuhesabu! Tumezungumza hivyo saa nzima, mimi na yeye. Nimelia, sitaficha. Nimerudi nyumbani nikala pai nzima ya beri peke yangu.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeingia mkahawani kifua mbele, tayari kutangaza. Dwight kanitangulia. Uso mweupe kama unga. Pankeki hajazigusa. Alikuwa akisimulia kwa sauti ya chini kwamba jana alipanda mlima na mpini wa sepetu, agonge mti, ili aje atuambie hakuna aliyejibu. Akajibiwa! Akigonga mbili, mbili. Akigonga tatu, tatu.

"Jamani, kinahesabu," alisema. "Kuna kitu kule juu. Mimi Dwight nawaambia, kuna kitu."

Rhonda aliangusha birika. Nimeshinda! Unyayo unabaki!

Kwa adabu tu nikamuuliza ilikuwa saa ngapi. Saa nne. Mlima upi? Ule wa ng'ambo ya bonde, unaotazamana na wa kijito. Kahawa ikanipalia. Rhonda akauliza mbona natokwa na jasho. Nikasema ni pilipili. Nilikuwa nakula uji.

Alhamisi, 12 Septemba

Dwight hana raha. Kaja kwangu na daftari, kamera na soksi za akiba. Anataka kesho twende wote wawili. Nimejaribu kila hila. Nikasema itanyesha. Redio imesema jua. Nikasema mgongo. Akaenda kuniletea dawa ya kuchua. Nikamkumbusha kwamba kesho ni Ijumaa tarehe kumi na tatu, siku ya mikosi. Akanikata jicho, akasema yeye si mtu wa kuamini upuuzi.

Sasa ananiita mwalimu. Sikatai, inapendeza.

Ijumaa, 13 Septemba

Tumepanda. Dwight kagonga. Kimya. Nimegonga mimi. Kimya. Tumegonga kwa saa mbili nzima, mpaka kigong'ota amechoka nasi akahama. Kisha Dwight akatazama gongo langu. Akatazama mpini wake. Akatazama ng'ambo ya bonde. Akaniuliza polepole, Jumanne saa nne nilikuwa wapi.

Nikamwambia. Nilidhani mpini ule utanishukia. Badala yake alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Verlon, ndugu yangu! Tangu mke wangu afariki sijawahi kuongea na mtu saa nzima. Kumbe ni wewe!" Nami nikacheka. Akanigawia mkate wake wa nyama. Lakini njia nzima ya kushuka moyo ulikuwa mzito. Kesho baba anaenda stoo.

Jumamosi, 14 Septemba

Rhonda alikuwa tayari juu ya ngazi, kashasikia fununu za jana. Dwight akasimama akaeleza yote, hata lile la kuhesabu. Mkahawa mzima ulishika mbavu. Kisha akasema, sharti lilikuwa akiri kwa mdomo, naye alikiri Jumatano mbele ya mashahidi. Kuhusu anachoamini akilini, hakuna aliyeweka sharti. Rhonda akasema hayo ni maneno ya wakili. Akashuka.

Dubu ametundikwa karibu na choo. Unyayo umebaki pale pale. Nimeupangusa vumbi mwenyewe, na nimekula pankeki sita. Nina furaha kupita kiasi.

Jumapili, 15 Septemba

Saa nne asubuhi. Niko barazani na Dwight, tunakunywa kahawa. Ko! ko! kutoka mlimani. Tukatazamana. Mimi nipo hapa. Dwight yupo hapa. Wanachama wengine wako kanisani, na mgonjwa yuko kitandani!

Tukakimbia kama vijana. Tulipogonga mbili akajibu mbili, akatuongezea mbili za bure. Mlio mkali, kama wa chuma. Dwight anasema ni jike. Nami nasema hivyo hivyo.

Wakati wa kurudi tulikutana na pikapu ya Rhonda ikishuka kutoka kule kule. Majani kwenye nywele zake, kikaango kikubwa kwenye kiti cha mbele, anacheka peke yake mpaka machozi. Tukamsimulia. Akatupa pole kwa mbio zote zile, akasema laiti na yeye angesikia. Nimemhurumia, maskini.

Nimeandika kwenye kitabu cha chama: Jike mmoja, mzima wa afya, anahesabu bila kukosea. Binadamu wengine mlimani: Rhonda tu, naye hakusikia kitu.