Saa Tano na Nusu Kutoka Maskati

Jumanne, 6 Agosti

Mzee Haroub anarudi! Baba yake Nasima, miaka ishirini yuko Maskati, na ndiye wa kusema Nasima aolewe na mimi au na Miraji. Miraji ana gari. Mimi nina akili. Nimepima ramani kwa rula: kilomita elfu nne kasoro hadi Dar, mwendo wa ndege saa tano na nusu. Mzee kamwambia mkewe, Bi Saleha, kwamba ataruka usiku wa kuamkia Ijumaa, saa mbili na nusu, atue saa saba. Nikapiga hesabu mbele yake. Mbili na nusu, jumlisha tano na nusu, toa moja maana Maskati wametutangulia. Saba kamili! Bi Saleha kasema kijana huyu kasoma. Miraji kauliza eti saba ipi. Nimemcheka hadi mbavu zikaniuma. Mzee nitampokea mimi peke yangu.

Ijumaa, 9 Agosti, ndani ya basi

Ndege haikuja. Nimekesha uwanjani Dar, nimekunja kanzu isichafuke. Saba ikapita, nane, tisa. Mlinzi kaniambia nikaulize dirishani. Niulize nini? Ndege ina mafuta ya saa zake, na saa zimekwisha, na chini ni bahari tupu. Baada ya adhana ya alfajiri nikampigia Bi Saleha, nikamwambia awe na subira, Mungu kampenda zaidi. Kapiga ukelele, simu ikaanguka. Nikapanda basi la kwanza. Maskini Mzee Haroub. Juzi tu kwenye simu kaniita mwanangu.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Laiti ardhi ingenimeza. Nyumbani kwao, mtaa wa Mabawa, nimekuta turubai limefungwa, wanaume jamvini, wanawake ndani wanalia. Nikasimama kueleza marehemu alivyokuwa mpole. Gari la Miraji hilo. Akashuka Mzee Haroub na makopo ya halua, akauliza nani kafa. Wote wakanigeukia mimi. Akauliza tena, na aliyesimama ni mimi peke yangu. Ikabidi nimjibu kuwa ni yeye.

Kumbe mzee anahesabu saa kama Waarabu, kuanzia usiku wa manane! Saba yake ni saa moja yetu ya asubuhi. Ametua mimi niko Kibaha. Miraji alimpigia mzee akamuuliza saba ipi, basi, kisha akanyamaza ili awashtukize wenyeji. Bi Saleha hakunitukana. Kanitazama tu, macho yamevimba, akaenda kuzima moto chini ya masufuria ya matanga. Afadhali angenipiga. Nimemliza mama wa watu bure, na kilio chake kile hakinitoki masikioni.

Jumapili, 11 Agosti

Jana Nasima kaniletea salamu. Baba kasamehe, kazoea tena mambo ya nyumbani, niende leo saa tisa nijieleze. Nisipofika, Miraji anapewa jibu lake.

Safari hii hanipati mtu! Tisa ya mzee ni saa tatu yetu. Saa tatu barabara niko mlangoni, kanzu imepigwa pasi. Mlango umefungwa. Jirani kasema wamekwenda Ushongo kwa ndugu, watarudi adhuhuri. Nimesimama juani hadi nikaona kizunguzungu, nikaondoka. Mtu mzima hana ahadi! Nimeumia, sifichi. Nampenda Nasima kuliko anavyojua.

Sasa ni tisa alasiri, nimejilaza. Simu inaita mfululizo. Nasima. Sipokei. Na wao waonje kungoja.